Stika ya Papa Kwenye Tangi la Warsame

Oktoba 9

Kitabu hiki cha tarehe nimepewa bure na mwenye duka la vyuma. Ni cha mwaka jana, kwa hiyo majina ya siku yote ni uongo, lakini kurasa ni safi na mimi nina mengi ya kusema.

Kwa atakayekiokota: mimi ni Sugow, fundi wa rangi za pikipiki, barabara ya Dadaab, Garissa, banda la mabati lenye mlango wa bluu. Shule niliiacha darasa la saba nikaenda kuisoma dunia yenyewe: Mandera, Eastleigh, miezi minane Jeddah. Huko Jeddah nilipaka mlango wa gari la balozi. Mlango mmoja tu, lakini balozi aliupitia huo huo. Naandika Kiswahili kwa sababu mke wangu Nimo anasoma Kisomali na Kiarabu, na mwanamume lazima awe na mahali pa kujisifu bila kukatizwa.

Leo mkahawani nimesema naweza kubandua stika kwenye pikipiki na rangi ya chini isijue kwamba kuna kitu kimeondoka. Walicheka wote isipokuwa mzee mmoja kutoka Bura, Adeer Nunow (adeer ni ami, na kwetu kila mzee ni ami), aliyekuwa dalali wa ngamia kabla magoti hayajamkataa. Akaniuliza banda langu liko wapi.

Oktoba 11

Leo niandike vizuri, maana nitakuja kuulizwa.

Adeer Nunow, aliyeombwa na pande mbili kuamua kesi, amekuja na pikipiki nyekundu ya marehemu Warsame, yule wa steji ya hospitali, aliyefariki Julai kwa homa ya siku tisa. Ilisukumwa na kaka wa mjane. Nyuma yao Billow, ndugu wa marehemu, mikono mgongoni kama askari. Kwenye tangi kuna stika kubwa ya papa mwenye meno kama msumeno. Garissa! Sisi na papa wapi na wapi? Sisi tuna mto Tana na mamba wake.

Kesi ni hii. Mulki, mjane, anasema pikipiki ni yake. Alipozaliwa, baba yake Guleid alimpa ngamia jike, kama desturi yetu, ngamia wa kitovu, na uzao wa ngamia huyo ni mali ya mtoto hadi kufa. Miaka sita iliyopita mmoja wa uzao huo aliuzwa, pikipiki ikanunuliwa. Siku hiyo hiyo Warsame alichukua rangi nyeupe ya geti na kijiti akachora kwenye tangi chapa ya ngamia wa kina Guleid, ile inayochomwa shingoni, ili kila mtu ajue anaendesha mali ya mkewe. Baadaye akabandika papa juu yake.

Billow anasema hapana. Mwezi ule ule ngamia jike mmoja wa familia yao alipotea malishoni. Warsame alimuuza kisirisiri, anasema, na pikipiki ni ya urithi: iuzwe, igawanywe. Mulki na binti zake wawili wanakula kwa hiyo pikipiki, kaka yake akiiendesha. Ikiuzwa, na sufuria imeuzwa.

Kwa hiyo kila kitu kiko chini ya papa. Chapa ikiwepo, hakuna aliyeweza kuichora juzi, maana stika imekaa hapo miaka sita. Isipokuwepo, basi.

"Ulisema rangi haitajua," Adeer Nunow akaniambia.

"Haitajua, Adeer."

"Na alama ya rangi ya geti, iliyochorwa kwa kijiti juu ya rangi ya kiwandani? Hiyo pia haitajua?"

Hapo alinipata. Rangi ya geti juu ya rangi ya kiwandani inashika kama mgeni asiyetaka kulala. Thina inaila. Petroli inaila. Moto ukizidi inalainika, inakuja na gundi. Lakini mdomo wangu una miguu yake.

"Hata hiyo," nikasema.

Mulki yuko eda. Itaisha Novemba 27. Siku inayofuata stika itabanduliwa hapa bandani, mbele ya pande zote, yeye akiwepo. Mpaka hapo haiguswi. Adeer Nunow alilifunika tangi kwa kitambaa, akakifunga kwa kamba, fundo la mizigo ya ngamia ambalo sijawahi kuona mtu wa mjini akilifunga.

"Nikirudi nilikute hivi hivi," akasema.

Billow aliliangalia fundo muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

Oktoba 12

Nimo amesema: "Baba Hamdi, siku moja ulimi wako utatuhamisha mji."

Oktoba 16

Nimebandika karatasi mlangoni: STIKA KUUKUU, KUBANDUA BURE. Wamekuja vijana kumi na mmoja wa bodaboda. Nataka stika zilizopikwa na jua letu miaka mingi, nijifunze kabla ya ile siku.

Draya ya nywele ya Nimo, moto wa kati, naanzia kona, navuta taratibu. Saba zimetoka safi, rangi inang'aa chini kama ngozi ya mtoto. Mbili zimekatika vipande. Mbili zimeondoka na rangi, na wenyewe nimewapakia upya bila malipo huku nikiwaambia huo ndio mtindo wa Dubai.

Lakini hizo zote ni rangi ya kiwandani. Hakuna iliyokuwa na rangi ya geti chini.

Oktoba 19

Mawingu toka asubuhi. Hakuna tone.

Oktoba 23

Bule, kijana Mborana wa Wajir, ana madigadi ya nyuma ambayo zamani aliandika jina la mama yake, Wato, kwa rangi ya geti, kisha akabandika stika juu. Nikasema Mungu amenipenda. Hii ndiyo yenyewe.

"Ukiiharibu?" akauliza.

"Kijana, unaongea na mkono uliopaka mlango wa balozi."

Nikapasha moto, nikavuta. Ilikuja vizuri, nikaanza hata kuimba. Kugeuza stika, jina la mama yake liko mgongoni mwa stika, nyuma mbele, herufi zote nne. Kwenye madigadi hakuna kitu. Peupe kabisa.

Bule aliishika ile stika akaitazama. Mama yake yu hai, alhamdulillahi, lakini Bule alikuwa na uso wa mtu wa msibani.

"Nitaliandika upya," nikamwambia.

"Mimi niliandika mwenyewe, siku niliyopata pikipiki," akasema. "Wewe utaandika vizuri zaidi. Ndio ubaya."

Akaondoka. Nimekaa nikitazama lile tangi lililofungwa kitambaa. Chini ya kitambaa, papa. Chini ya papa, sijui.

Oktoba 24

Nimo alikwenda kumtazama Mulki huko eda. Kumbe Warsame alibandika papa kwa sababu ya steji. Walikuwa wakimwita "mwanamume anayepanda ngamia wa mkewe", kila asubuhi, hadi abiria wakaanza kumwita hivyo, ingawa hakuna wa mjini pale anayejua kusoma chapa. Siku moja akarudi nyumbani na papa kwenye tangi, na Mulki hakumsemesha siku mbili.

"Unamwamini?" nikamuuliza Nimo.

"Anasema ukweli. Lakini kuna kitu anaogopa, na si Billow."

Oktoba 30

Mvua ya kwanza ya Deyr, vuli yetu. Mabati yanapiga kelele mpaka huwezi kusikia radio.

Billow alikuja katikati yake, akasimama mlangoni akichuruzika maji.

"Wewe ni fundi," akasema. "Mkono wa fundi huteleza?"

"Wangu hauna tabia hiyo."

"Kila mkono huteleza, walaal, ndugu yangu. Na ukiteleza, hakuna atakayekulaumu. Kitu cha miaka sita."

Akaenda. Sikulala mchana, na mimi mchana hulala. Mtu mzima, ana duka, ana ngamia, anang'ang'ania pikipiki ya mayatima. Nimemweka kwenye kundi la watu nisiowapa chai.

Novemba 3

Mvua. Majaribio mawili, rangi ya geti imetoka katika yote mawili.

Novemba 4

Mvua. Jaribio moja. Imetoka.

Novemba 8

Laga ya nyuma, lile korongo kavu, imefurika.

Ilikuwa baada ya Adhuhuri. Nilisikia sauti kama lori linakuja, nikatoka, hakuna lori. Ni maji ya kahawia yanakunja kona ya ukuta. Nilikimbilia makopo ya rangi, upumbavu wa tabia, kisha nikakumbuka. Pikipiki ya Warsame! Maji yalikuwa tayari kwenye gurudumu. Kuiinua peke yangu siwezi, kuiburuza siwezi, matope yameshika tairi. Na lile tangi likilowa, gundi itaachia kona, na kona ikiachia yenyewe nani ataamini kwamba si mimi niliyechungulia?

Nikapiga kelele. Majirani wote walikuwa wanaokoa vyao.

Aliyeingia ni Billow. Maji mapajani, kanzu kaifunga kiunoni. Nikajua ndiyo mwisho: ataisukuma mara moja tu, ianguke ubavu, na kesi imekwenda na maji.

"Shika mbele!" akanifokea. "Warya, Sugow, shika mbele!"

Tuliinua. Wallahi sijui tuliinuaje. Tuliipandisha juu ya meza ya kazi, meza ikalia, tukakaa mmoja huku na mmoja huku tukiishikilia mpaka Asr ikapita. Bati moja lilikuwa linavuja juu ya tangi kabisa. Billow alivua kilemba chake akakikunja juu ya kitambaa cha Adeer Nunow, na kila kilipojaa maji alikikamua akakirudisha. Hakugusa fundo. Nilimtazama vidole vyake muda wote.

"Kwa nini?" nikamuuliza maji yalipoanza kushuka.

"Sitaki mtu aseme mafuriko yalinisaidia."

Nikafikiri hilo ndilo jibu.

Novemba 9

Billow alirudi kunisaidia kukokota tope. Nikampa chai. Nimemtoa kwenye lile kundi.

Akiwa na kikombe cha pili akaanza kuongea, akitazama sakafu.

"Miaka sita sikumsalimu. Aliapa mbele yangu kwamba ngamia ni wa mkewe, nikamwita mwizi. Akaniambia, nenda katazame tangi. Nilipokwenda, wiki kadhaa baadaye, nikakuta papa. Nikasema, angalia, mwongo ameficha uongo wake." Akanywa. "Idd iliyopita alikuja kwangu na binti zake wamevaa nguo mpya. Niliwaona dirishani nikaingia chumba cha ndani. Walibisha, wakangoja, wakaenda. Julai akafa."

Akaweka kikombe chini.

"Kama hakuna kitu chini ya ile stika, alikuwa mwizi, na mimi nilikuwa na haki. Kama kipo..."

Mimi, mwenye mzaha wa kila msiba, nilimwongezea sukari.

Kwa hiyo ndicho alichokuja kuniomba siku ile ya mvua. Mkono uteleze. Si pikipiki aliyokuwa anaitaka. Alitaka isijulikane.

Sasa sijui nani kati yao nitamuumiza.

Novemba 10 hadi 13

Hakuna kazi. Tope. Barabara ya Bura imekatika.

Novemba 14

Arusi ya mpwa wa Nimo. Nyumba yangu imejaa wanawake, nimefukuzwa hadi uani. Kwa dirisha nikamwona binti mmoja, hina imemkauka mkononi kama tope la ziwa lililokufa, anakimbilia maji anawe. Nimo akampiga kofi la mkono.

"Naa, maji yataiharibu! Hina haioshwi na haivutwi. Ipake mafuta ya simsim, ingoje, itaachia yenyewe. Ikitaka."

Nilisimama pale na sahani ya pilau mpaka ikapoa.

Mimi nimekuwa navuta stika na gundi pamoja. Ngozi na nyama kwa mara moja! Vuta plastiki ya juu peke yake, gundi uiache imelala juu ya rangi. Kisha mafuta. Kisha ungoje.

Jeddah hawakunifundisha hilo. Jikoni kwangu lilikuwepo miaka kumi na minne.

Novemba 17

Jaribio kwenye tangi bovu. Kitambaa cha maji ya moto badala ya draya, vuguvugu tu. Plastiki imetoka, gundi imebaki. Simsim, nailoni juu, saa mbili. Rangi ya geti imebaki nusu.

Novemba 20

Robo tatu.

Novemba 22

Imebaki yote! Halafu jioni nikajaribu nyingine, kwa mafuta yale yale na kitambaa kile kile, imetoka yote. Sijui nimekosea wapi. Nadhani nilisugua.

Novemba 26

Adeer Nunow amepiga simu: amevuka kwa lori la maji la kwenda Dadaab, atafika. Sauti yangu ilikuwa ya mtu jasiri. Nilipokata simu nikakamua kitambaa kilichokuwa kikavu tayari.

Novemba 28

Walikuja saa saba. Adeer Nunow alikagua fundo lake kwa muda mrefu, akalifungua mwenyewe. Mulki alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mwembamba kuliko sauti yake. Billow alisimama upande wa pili. Hawakutazamana.

Niliosha tangi. Nilikamua kitambaa cha maji ya moto, nikakijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wangu kama unavyojaribu maziwa ya mtoto, nikamfunika papa. Nikangoja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nikainua mkia wake kwa kadi kuukuu ya simu, nikailaza plastiki juu ya mgongo wake mwenyewe, chini chini, bila kuiinua. Alikuja kidole kwa kidole. Kwenye taya akapasuka, Mulki akavuta pumzi, nikaanza upya kutoka puani.

Plastiki ikatoka yote. Chini, gundi tu, kijivu, nzito, huoni kitu.

"Iko wapi?" akauliza Adeer Nunow.

"Ingoje, Adeer."

Simsim. Nailoni. Tukaswali Asr pale pale juu ya mikeka, na Mungu anisamehe, rakaa zote nne nilikuwa natazama tangi.

Nilipofunua gundi ilikuwa imevimba kama uji. Nikachukua pamba, nikagusa mara moja, nikaigeuza. Kwenye kijivu cha gundi palikuwa na doa la rangi nyeupe ya geti.

Billow aliuona kabla yangu. "Inatoka," akasema. Polepole, karibu kwa upole. "Mwambieni aache. Inatoka."

Kweli nilisimama. Kitu kilikuwepo chini, hilo sasa tulilijua sote. Lakini ni nini? Nikigusa tena huenda nikaifuta kabla haijasomwa. Nikiacha, ni kesi ya milele. Nikamtazama Mulki.

"Endelea," akasema.

Niliitupa pamba. Nikafuta mafuta mikononi kwenye suruali yangu, nikaanza kuikunja gundi kwa kidole gumba, bila kusugua, naibingirisha tu, punje moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa mchanga jichoni mwa mwanawe. Sijui ilichukua muda gani. Kwanza ukatokea mstari mweupe. Nikasikia Billow akipumua. Kisha kichwa cha mstari, kimepinda kama kipini cha bakora. Kisha, pembeni, nukta. Na chini yake nukta ya pili, hafifu, ile niliyoigusa na pamba, lakini ipo.

Chapa ya kina Warsame ni mistari miwili iliyosimama. Hilo hata mimi nalijua.

Adeer Nunow alivaa miwani, akainama, akapitisha kidole hewani juu ya alama bila kuigusa. Akafungua kinywa aseme, lakini Billow akamtangulia.

"Ni ya Guleid," akasema. "Bakora na nukta mbili. Ni chapa ya baba yake Mulki. Pikipiki ni yake."

Kisha akatoka. Alikuwa amevua viatu kwa ajili ya swala. Akaenda hivyo hivyo, peku, kwenye tope, na kaka yake Mulki akamkimbilia na viatu mkononi.

Nilimgeukia Mulki nikitaraji furaha. Alikuwa ameinuka, kiganja kimeinama juu ya ile alama.

"Kumbe hukuifuta," akasema, na hakuwa anaongea na yeyote kati yetu. "Nilidhani uliifuta kwanza. Miaka yote nilidhani uliikwangua ndipo ukabandika."

Nilikwenda nyuma ya banda nikajifanya natafuta kopo.

Novemba 29

Nimepaka vanishi juu ya chapa, mara tatu. Sijachukua kitu. Nimo amesema vizuri.

Novemba 30

Mjini wananiita profesa. Nimewajibu wamechelewa.

Desemba 2

Jua. Kila kitu kinatoa mvuke.

Billow amekuja asubuhi akakaa kwenye kopo la rangi. Amepungua. Jana, anasema, alikwenda kwa Mulki na mbuzi wawili na kuomba radhi, Mulki akampokea, watoto wakamletea maji. Mkubwa ana paji la uso la Warsame. Ndiye aliyemuuliza, "Adeer, siku ile ya Idd ulikuwa safarini?"

"Ukamjibuje?"

"Nilisema ndiyo."

Nilimtolea mizaha yangu mitatu mizuri. Ule wa balozi, ule wa mamba, ule wa mchumba wa Mandera. Alinisikiliza yote kwa heshima. Kisha akanyoosha mkono juu ya ukuta nilikomtundika yule papa, plastiki tu, taya limepasuka, akamshusha akamlaza mapajani na kumnyoosha kingo.

"Sugow."

"Naam."

"Ingeweza kurudishwa? Mtu akitaka. Ibandikwe kama ilivyokuwa."

Toka nifungue banda hili sijawahi kumwambia mtu neno lililonijia mdomoni. Nilitafuta jingine, sikulipata.

"Hapana, walaal," nikamwambia. "Hilo siwezi."